Mwenye Duka la Vinanda

Kihesa, Iringa
18 Februari 2024

Mdogo wangu Benjamini,

Kamwene. Sisi huku tumeamka salama, ukiondoa mafua ya baba ambayo unayajua, yanamshika kila mvua zikizidi. Na mwaka huu zimezidi. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri, maharage yameoza. Baba anakula, analala, anauliza habari za watu waliokwisha kufa, halafu anakumbuka mwenyewe. Cherehani zangu zinalia kutwa kwa ajili ya sare za shule. Nimepata na mtu wa kunisaidia kushona, ana mkono mzuri, ndiyo maana leo naweza hata kukaa chini nikashika kalamu.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Nimefanya makusudi. Nikikupigia simu hupokei. Nikikutumia meseji unajibu "sawa". Baba alipolazwa mwaka jana nilikuandikia, "Baba kalazwa, hali si nzuri," ukajibu "sawa". Nilitaka kuitupa ile simu chooni. Basi nikasema, huyu nimwandikie karatasi nzima, maana karatasi nzima haijibiki kwa neno moja. Nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha kwa wakala pale stendi ya Mbeya. Na wewe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Jambo lenyewe unalijua. Mkeo yuko Iringa na mtoto tangu Januari. Nimeongea naye. Hakukusema vibaya, na ndicho kilichoniumiza zaidi, kwa sababu mwanamke akiwa bado anamtukana mumewe ujue kuna kitu kimebaki. Faustina alisema taratibu kabisa: "Dada, mtu unamwambia mtoto ana homa, anaendelea kufunga kamba za viatu. Unamwambia mara ya pili, anasimama, anatoka. Ningekaa hapo mpaka lini?"

Nikamwambia jibu la hilo nitalitafuta kwako. Wewe unalo?

Mwanao Yusta amekuwa mrefu, magauni yote yamempanda juu ya magoti. Baba anamwita kwa jina la mama.

Dada yako,
Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
24 Machi 2024

Dada Verediana,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Ilikaa kwa wakala muda mrefu kwa sababu sikwenda kuichukua. Mimi mzima. Mpe baba shikamoo yangu. Mbeya mvua, na jioni baridi. Barabara ya nyuma ya soko ni tope tupu.

Leo ni Jumapili ya Matawi. Wiki hizi mbili duka limekuwa na watu wengi, maana kila kwaya imekumbuka kwamba Pasaka inakuja. Wananunua nyuzi za gitaa, waya, maiki. Walutheri wa Uyole wamechukua spika mbili kubwa. Kwaya moja ya Chunya walikuja watu kumi na wawili kuchagua kinanda kimoja. Wote walikibonyeza kwa zamu, wakaimba humuhumu dukani, wapita njia wakajaa mlangoni. Walikubaliana, wakakibeba. Kazi yangu ilikuwa kufunga boksi.

Kuhusu Faustina. Sikumfukuza. Alifunga mizigo mchana mbele yangu, nikamsaidia kubeba mpaka kwenye bajaji. Alipokaa alisema kitu. Kisha bajaji ikaondoka.

Kuhusu homa ya mtoto. Sikumbuki.

Kuhusu simu. Ina tatizo la spika. Barua ni nzuri.

Nimemwekea baba blanketi kwenye mfuko, kondakta atakupa.

Mdogo wako,
Benjamini

*

Kihesa, Iringa
21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Blanketi limefika na baba amelikataa, anasema ni la jeshi. Nilimwonyesha maua yake, nikamwambia jeshi gani linalala na maua? Sasa analo, halitoki miguuni. Pasaka ilikuwa njema. Padri aliongea mpaka watoto wakasinzia. Mahindi tumeanza kuchoma.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili, maana haina kitu. Mwanamke anakaa kwenye bajaji na mizigo yake yote, anakwambia neno la mwisho, na wewe unaniandikia "alisema kitu". Kitu gani, Benja? Alisema nini? Mke wa mtu si mteja wa nyuzi za gitaa.

Nikwambie ninavyokuona mimi, maana mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Ulikuwa mtoto mwenye kelele. Ulikuwa unapiga ngoma kwenye masufuria mpaka mama anakukimbiza na mwiko. Ulipoingia jeshini ulikuwa unarudi likizo na kelele zilezile, unatuigizia makamanda wako, baba anacheka mpaka anakohoa. Halafu wakawapeleka Kongo. Aliyerudi kutoka Kongo alikaa sebuleni kwangu wiki nzima akiangalia pazia.

Ulipoacha jeshi ukaanza kuzunguka na mabegi yako ya maspika na maredio, ulikuwa ukilala hapa ukipita kwenda Makambako. Mimi nilikuwa nakupikia, nakuongelesha, wewe unatikisa kichwa. Nilidhani ni uchovu wa safari. Mama alipofariki ulikuja, ukachimba kaburi na vijana, ukarudishia udongo, ukanawa mikono, ukauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Majirani walinong'ona. Mimi nilikutetea, nikasema mwanajeshi halii mbele za watu. Lakini hukulia hata nyuma ya watu, maana nilikufuata nyuma ya nyumba kukuangalia.

Hujawahi kusema kilichotokea kule. Hata mara moja. Sasa nakuuliza, mimi dada yako. Huna haja ya kuniangalia usoni, ni karatasi tu hii.

Halafu jambo dogo. Kwaya yetu wanataka kinanda. Nimemwambia mwalimu wao, Clement, aje kwako. Mhudumie vizuri.

Dada yako,
Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
9 Juni 2024

Dada Verediana,

Shikamoo, na baba pia. Mimi sijambo. Baridi imeingia kabisa, asubuhi mlima wa Loleza hauonekani. Jirani yangu Isakwisa, yule fundi wa maredio, anawasha jiko la mkaa ndani ya kibanda, nimemkataza, hasikii.

Umeniuliza. Nitaandika mara moja.

Kulikuwa na mwenzangu anaitwa Kasian, mtu wa Ludewa. Siku hiyo tulikuwa tumekaa nyuma ya ukuta wa mchanga, anasimulia kisa cha mjomba wake aliyeuziwa mbuzi wa kwake mwenyewe. Bomu lilianguka kabla hajafika mwisho. Nilipoinuka niliona mdomo wake uko wazi, kama mtu anayetafuta neno. Hakuwa hai. Wenzetu walilia, mmoja aliruka ukuta akitaka kukimbilia lilikotoka bomu. Mimi nilikaa juu ya boksi, nikafungua kopo la maharage, nikala lote. Ilikuwa saa ya kula. Nilikuwa nasubiri nisikie uchungu. Nilisema labda jioni. Baadaye nikasema labda nikifika nyumbani. Mama alipofariki nikasema labda sasa. Bado nasubiri, dada. Hiyo ndiyo habari yote ya Kongo.

Mkataba wangu ulipoisha sikuomba kuongeza. Nilichagua biashara ya kuzunguka kwa sababu nilipenda barabara. Ndani ya basi hakuna anayekudai mazungumzo. Unashuka Igawa, Rujewa, Chimala, unafungua begi, bidhaa inajieleza. Mtu anakuonyesha kidole, unamwonyesha kidole. Chimala palikuwa pazuri kuliko pote, siku ya gulio watu wa mpunga wamejaa, na kila mtu anataka redio ya kwenda nayo shambani. Kulikuwa na mama mmoja, Siwema, anauza mchele, ndiye alikuwa ananitunzia mabegi. Aliongea kutwa nzima bila kuhitaji jibu. Nilikuwa nakaa kwenye gunia lake namwangalia akiongea. Zile siku zilikuwa nzuri. Naziita nzuri kwa sababu sikutaka ziishe.

Duka nililipata kwa mzee Halfani. Lilikuwa duka lake la vinanda na magitaa tangu enzi za bendi. Nilikuwa nachukua nyuzi kwake za kwenda kuuza. Alipotaka kurudi Tanga kwa watoto wake aliniambia, "Chukua wewe. Wewe huna kelele, na duka la muziki likiwa na mwenye kelele wateja hawajisikii." Faustina alifurahi sana. Alifikiri nikikaa mahali pamoja nitaanza kuongea.

Clement hajafika bado.

Benjamini

*

Kihesa, Iringa
14 Julai 2024

Benja wangu,

Sikuweza kukujibu upesi. Barua yako niliisoma nikaenda kukaa shambani mpaka jua likaniunguza. Baba aliniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi. Mimi nilikuwa namlaumu mtu ambaye anasubiri. Nisamehe kwa yale ya kaburini.

Huku tumevuna. Mahindi yamejaa chumba cha uani. Baba hajambo, ila Jumanne alitoka mwenyewe akaenda mpaka sokoni kununua tumbaku, na hajavuta tangu mimi ni msichana.

Sasa nisikilize.

Clement amerudi na kinanda. Alikuja nacho hapa nyumbani, anacheka. Anasema, "Mama Verediana, ndugu yako ni mcheshi!" Anasema alichagua kinanda, wewe ukakijaribu mbele yake, ukabonyeza kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukatikisa kichwa, ukasema kiko safi. Na kumbe waya wa umeme haukuwa umechomekwa. Kinanda hakikuwa kinalia kabisa! Clement alidhani ni utani wako. Akasimama nyuma yako akakwambia, "Kaka, umenifurahisha." Hukugeuka. Akasema kwa sauti. Hukugeuka. Akaona unaendelea kupanga mabaki ya waya, akajisemea, watu wa Mbeya wana utani mkavu.

Mimi sikucheka. Na mtu mwingine aliyekuwa chumbani pale hakucheka. Sitaendelea kukuficha. Yule anayenisaidia kushona ni Faustina. Yeye na Yusta wanakaa kwangu tangu Januari. Barua zako ninasoma mwenyewe, simpi, lakini bahasha anaziona. Clement alipomaliza kusimulia, Faustina aliacha kitambaa kwenye cherehani, akakaa sakafuni. Aliniuliza, "Dada, kule Kongo kuna bomu liliwahi kuanguka karibu naye?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Miaka yote hii nilikuwa nasimama nyuma yake jikoni naongea."

Benjamini, unasikia?

Nataka jibu la neno moja tu. Hata "sawa" nitaipokea.

Verediana

*

Kihesa, Iringa
25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Wakala anasema barua ilichukuliwa, kwa hiyo unayo. Huku hatujambo. Yusta anauliza kwa nini mama yake anamwangalia sana siku hizi akiwa anaongea.

Sitakuuliza tena. Nakwambia tu kwamba bado niko hapa.

Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
15 Septemba 2024

Dada Verediana,

Shikamoo. Mimi mzima. Vumbi la Septemba limeanza.

Jibu ni kwamba sisikii.

Sikio la kulia lilibaki Kongo siku ile ya Kasian. La kushoto lilikuwa zima, nikadhani litatosha. Likaanza kupungua nikiwa barabarani. Kwanza walipotea ndege. Halafu sauti za watoto. Yusta alikuwa ananiita, namwona tu mdomo. Halafu simu. Nilipochukua duka nilikuwa bado nasikia ngoma na gitaa la besi. Sasa hivi mtu akipiga kelele karibu na sikio la kushoto najua kuna mtu, sijui anasema nini. Ndani ya kichwa kuna mlio wa friji, hauzimiki, mchana na usiku.

Utauliza duka linaendaje. Linaenda. Watu husoma midomo bila kujijua, mimi nimejifunza kwa kujua. Spika naijaribu kwa kiganja, ikiwa imepasuka ndani kiganja kinawasha. Gitaa naweka kidevu juu ya mbao. Kuna kidude unabana kichwani mwa gitaa, uzi ukikaa sawa kinawaka kijani. Vinanda namwachia mteja. Siku ya Clement alikuwa na haraka, akasema nijaribu mimi. Niliona kila mtu anaangalia vidole vyangu, nikaviangalia na mimi. Sikukumbuka waya.

Kwa nini sikusema. Jeshini ningesema wangeniweka mezani kupiga mihuri. Baadaye hakukuwa na siku ya kuanzia. Mtu akishatikisa kichwa mwaka mzima, atasemaje kwamba alikuwa hasikii alichokubali?

Lakini kuna jambo nataka ulielewe vizuri, na umweleze Faustina, maana naona kwenye barua yako kwamba mmefurahi. Mmepata sababu. Mnasema kumbe masikio. Dada, usimwambie ni masikio tu. Nilikuwa nasikia bado vizuri kwa sikio moja wakati Yusta anazaliwa. Walinipa mtoto mikononi, analia, namsikia. Nikasema moyoni, sasa. Hakuna kilichokuja. Nikamrudisha kwa nesi nikaenda kulipia bili ya maji. Ile homa pia, nilisema sikumbuki. Nakumbuka. Mara ya kwanza sikumsikia. Mara ya pili nilimwona mdomo, nikaelewa. Nilifunga viatu, nikatoka, nikaenda mpaka famasi, nikasimama nje. Nilisimama pale kama mtu anayengoja basi. Dawa alinunua yeye mwenyewe baadaye.

Masikio yaliondoka na kitu kingine. Sijui jina lake. Kama Faustina atarudi kwa sababu ya masikio, atakuta kile kingine bado hakipo. Ni bora ajue.

Nimeandika sana. Mkono umechoka.

Benjamini

*

Kihesa, Iringa
20 Oktoba 2024

Benja,

Sisi hatujambo. Tunalima tena, mvua haziko mbali. Baba ameuliza kwa nini huji. Nilimwambia masikio yako ni mabovu. Akasema, "Ya babu yake pia yalikuwa mabovu, tulikuwa tunamrushia vijiwe." Basi, kwake habari ikaishia hapo.

Barua yako nimempa Faustina yote. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaendelea kushona mfuko wa shati. Baada ya siku mbili tukiwa tunapepeta mahindi akasema, "Ameniandikia mimi ile." Nikamwambia ameniandikia mimi. Akasema, "Hapana dada. Hii ndiyo mara ya kwanza ananijibu."

Anakuja huko Jumamosi ya tarehe tisa mwezi ujao. Yusta atabaki kwangu. Sikumtuma. Nilitaka hata kumzuia, maana sijui anakuja kukwambia nini na yeye hasemi. Usifanye maandalizi. Usimtafutie maneno. Uwepo tu.

Na hospitali nenda. Nimeuliza, wanasema kuna vifaa vya kuvaa. Hili ni agizo, si ombi.

Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
1 Desemba 2024

Dada Verediana,

Shikamoo. Mvua zimeanza. Hospitali nimekwenda. La kulia hakuna kitu. La kushoto wanaweza kulisaidia kidogo, nimeambiwa nirudi Januari kupimwa kifaa. Isakwisa ndiye alinisindikiza ili asikie majina yakiitwa. Nilimwambia sababu yake tukiwa njiani. Alisimama barabarani akashika kiuno, akasema jambo refu kwa Kinyakyusa, halafu kwa Kiswahili: "Na mimi miaka yote nadhani unaringa."

Najua umemuuliza Faustina, na najua hakukwambia. Nitakwambia nilichokiona.

Alifika saa za mchana, amevaa lile koti la kijani. Dukani palikuwa na wateja wawili. Alikaa juu ya spika akangoja waondoke. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, akaongea taratibu, mdomo anaufungua kama mwalimu wa chekechea. Ningecheka kama ningekuwa mtu wa kucheka.

Akasema, "Sijaja kurudi."

Nikasema, "Sawa." Kisha nikakumbuka ulivyolilalamikia hilo neno, nikasema, "Nimeelewa."

Akasema, "Nilikuwa na maneno. Ya miaka. Nilikuwa nakwambia ukiwa umenigeuzia mgongo, nikidhani unayasikia na kuyadharau. Nataka niyaseme yote leo, yaishe. Lakini sitaki unisome mdomo. Sitaki unihurumie. Geuka."

Nikamuuliza, "Nitajuaje umesema nini?"

Akasema, "Hutajua. Ni yangu. Geuka."

Nikageuka. Mbele yangu palikuwa na kabati la kioo la maiki, na kwenye kioo nilimwona. Alikuwa anaongea. Ningeweza kusoma, dada, kioo kilikuwa safi, nilikuwa nimekifuta asubuhi. Nilimwona ananyoosha mkono, anahesabu vidole. Nikafumba macho. Nilisimama nimefumba macho katikati ya duka langu, mikono imening'inia, kama mtu anayepigwa picha. Sakafu ile ni ya mbao. Nilisikia kwa nyayo kwamba alikuwa anatembea, anakwenda na kurudi. Mara moja alipiga mguu chini. Ilichukua muda mrefu. Kuna mteja alikuja akaondoka, aliniambia yeye mwenyewe kesho yake, anasema aliona haya kuingia.

Halafu Faustina aligusa bega langu. Nikageuka. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa umepumzika. Akasema, "Nimemaliza." Akaomba maji ya kunywa.

Tulikaa tukakubaliana mambo. Atabaki Iringa, ameipenda kazi ya kushona. Yusta atakuja kwangu likizo akitaka mwenyewe, asilazimishwe. Nikamwambia kwamba sina cha kumpa mtoto, nimekwisha kueleza kwenye barua. Akafikiri. Akasema, "Ulisimama nje ya famasi. Mtu asiye na kitu asingefika hata famasi." Neno hilo naligeuza kichwani tangu siku ile. Nakuandikia ili na wewe uliangalie.

Nilimsindikiza mpaka stendi, akapanda, basi likaondoka. Nikarudi dukani nikakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho sijawahi kukikalia. Duka linaonekana jingine ukiwa upande ule. Vitu ni vingi mno.

Akaingia mzee mmoja, mchungaji, simjui, kavaa kofia na koti la mvua. Alikuwa anaongea tangu mlangoni, anafuta viatu huku ameinama, mdomo siuoni. Siku zote hapo ningetikisa kichwa na kungoja kidole chake kielekee kwenye bidhaa. Nikasimama. Nikamwambia, "Mchungaji, mimi sisikii. Inua uso, sema taratibu."

Nadhani nilipaza sauti mno, maana wapita njia waligeuka.

Mchungaji aliinua uso. Akaniangalia, akaangalia magitaa yaliyoning'inia ukutani, spika, vinanda, akarudi kuniangalia mimi. Akavua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia, maji yakamchuruzika usoni. Akasema taratibu, nikaona kila herufi: "Pole sana, mwanangu. Tangu lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, dada, kwa sababu sikuwahi kumpa mtu nafasi. Nikafungua mdomo nimjibu, likatoka jina la Kasian tu. Nilikaa tena kwenye kile kiti. Yule mzee akavuta boksi akakaa karibu yangu, kofia magotini, akangoja. Hakuwa na haraka. Mvua ilikuwa inanyesha, niliiona.

Krismasi nakuja.

Mdogo wako,
Benjamini